Mama Nsimire Alipofagia Kilima

Ufagio wa kwanza ambao Mama Nsimire alinunua Toronto ulikuwa wa plastiki, na aliuchukia siku ile ile. Ulikuwa wa rangi ya waridi, mpini wake mrefu kama uliotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeogopa uchafu, na ukiuburuza sakafuni ulikuwa kimya kabisa.

"Fagio haina sauti," alimwambia bintiye, Nabintu. "Sasa utajua aje kama inafanya kazi?"

Basi akashuka mpaka kwenye kijito kilicho nyuma ya jengo lao pale Downsview, akakata vijiti vyembamba vya kichaka chenye magome mekundu, akavifunga kwa kamba ya kiatu, akapata ufagio wa kwake. Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajaenda kupanga vifurushi kwenye ghala, ghorofa ya tano iliamka kwa shwa, shwa, shwa. Alifagia mbele ya mlango wake, akafagia mbele ya mlango wa jirani, akafika mpaka kwenye lifti. Jengo lilikuwa na mfanyakazi wake wa usafi, analipwa na ana mashine inayonguruma. Mama Nsimire alimsalimu kwa heshima zote, kisha akafagia tena pale alipopita.

Alizaliwa Bukavu, mji wa vilima, ambako nyumba ya jirani yako iko ama juu ya kichwa chako ama chini ya miguu yako, na ziwa Kivu unaliona kutoka karibu kila mlango. Kule Jumamosi asubuhi ina jina lake: salongo. Maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe, fagio na makarai, kila mtaa unasafisha mbele yake. Asiyetoka anasemwa mpaka Jumamosi nyingine. Na unajua ua safi wa kule ukoje? Hauna jani hata moja. Ni udongo mtupu, umefagiwa vizuri mpaka ukabaki na mistari, kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Majani yakifika magotini karibu na nyumba, watu wanafikiria nyoka, wanafikiria mbu, na zaidi ya yote wanafikiria uvivu wa mwenye nyumba. Mama Nsimire alilelewa hivyo, na bibi aliyemlea alikuwa mkali kuhusu mistari.

Alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyebaki kule, jina lake Mugisho, mwanafunzi wa chuo mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mugisho na vijana wenzake wa Kadutu, mtaa mmoja wa Bukavu, walikuwa wameigeuza salongo kuwa kazi ya kila juma. Walizibua mitaro iliyojaa chupa za plastiki ili mvua isiingie kwenye nyumba za watu, walipita shuleni kuwaeleza watoto kwamba chupa unayoitupa mlimani leo kesho inaelea ziwani, na kila kitu walikirekodi kwa simu. Video zilipofika Toronto, Mama Nsimire alimwonyesha kila mtu. Aliwaonyesha wenzake wa ghalani wakati wa mapumziko. Aliwaonyesha watu kwenye lifti, watu ambao walitaka tu kufika ghorofa ya tisa wakapumzike.

"Munaona hawa batoto?" alisema. "Hawalipwe hata kitu! Banafanya na roho!"

Hapo ndipo alipoamua kwamba jengo nalo litakuwa na salongo. Alizunguka milango, akawaambia wazazi, akawaahidi watoto bitumbura, yale maandazi ya mviringo ya kwao, yenye ukoko nje na laini ndani. Watoto wakaja. Tusidanganyane, walikuja kwa ajili ya bitumbura. Waliokota vifuniko vya vikombe vya kahawa kando ya kijito, wakanyanyua toroli la supamaketi lililozama kwenye tope, wakala, wakaondoka. Juma lililofuata wakaja wachache zaidi. Lile lililofuata wakapungua tena. Nabintu mwenyewe, mwenye miaka kumi na tano, alikuwa anakuja huku ameziba masikio kwa muziki. Mama alimsemesha kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja anamwelewa mwenzake na hakuna aliyehamia upande wa pili.

"Mama, hii kitu inakufa," Nabintu alimwambia siku moja, kwa Kiingereza chake. "Hakuna mtu anayejali."

Maneno hayo yalimkaa Mama Nsimire tumboni kama ugali wa jana. Usiku ule ule akampigia Mugisho simu, wakapanga. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, vijana wa Kadutu wakimaliza kazi yao wangekusanyika, na saa tisa alasiri ya Bukavu, ambayo ni saa tatu asubuhi ya Toronto, wangepiga simu ya video. Salongo mbili zionane uso kwa uso. Watoto wa hapa wakiwaona watoto wa kule, alifikiri, wataelewa kwamba hawaokoti takataka peke yao duniani. Lakini siku hiyo ikiwa mbaya, basi tena, hatawapata kamwe, na Nabintu atakuwa amesema kweli.

Jumamosi ilifika, jua limetoka, na watoto walikuja wengi kwa sababu habari ya simu ya Afrika ilikuwa imeenea. Alikuwepo Wasi, mtoto wa ghorofa ya pili asiyeweza kunyamaza. Alikuwepo Sabika, rafiki yake Nabintu, ambaye babu yake aliishi ghorofa ya chini. Wakavaa glavu, wakashuka. Tatizo likawa moja, na Mama Nsimire hakuwa amelitegemea hata kidogo: takataka ziliisha. Majuma yote yale ya kuokota yalikuwa yamefanya kazi yake. Nusu saa tu, na kando ya kijito hapakuwa na kifuniko, hapakuwa na mfuko, hapakuwa na hata karatasi ya peremende.

Mama Nsimire aliangalia saa. Akaangalia ukingo ulioteremka kutoka maegesho ya magari mpaka majini. Na kwa mara ya kwanza akauona vizuri, kwa macho ya Mugisho na ya Kadutu nzima: majani mpaka magotini! Majani mapana, majani membamba, yamekaa ovyo ovyo. Katikati yake kulikuwa na vijiti vilivyochomekwa, vimefungwa vitambaa vya rangi, labda michezo ya watoto iliyosahaulika.

"Apana," alisema. "Siwezi kuwaonyesha watu hii. Bibi yangu atafufuka. Tufyeke!"

Panga hakuwa nalo, maana Nabintu alishamweleza zamani kwamba mtu akitembea na panga Toronto polisi watafika kabla yake anakokwenda. Lakini mfanyakazi wa usafi alikuwa amemwazima mikasi mikubwa ya bustani.

Nabintu alitoa kifaa kimoja cha muziki sikioni. "Mama, una uhakika? Labda haya yamepandwa."

"Nani apande majani? Majani yanajipandaka. Wewe unajua nini ya salongo? Shika ule mfuko."

Sabika alikuwa kule mbali kwenye daraja dogo na Wasi, wanavua tairi la baiskeli majini, hakuona. Laiti angeona. Wale wengine walikata. Ilikuwa kazi tamu, lazima tuseme ukweli, kazi ambayo unaona matokeo yake papo hapo. Mashina yalitoa utomvu mweupe kama maziwa, watoto wakacheka kwamba majani yananyonyesha. Vile vijiti vyenye vitambaa viliingia kwenye mfuko wa taka. Kisha Mama Nsimire akachukua ufagio wake wa vijiti vyekundu, akaanzia juu, akashuka nao mpaka chini, shwa, shwa, shwa. Alipomaliza, ukingo wote ulikuwa udongo mtupu wenye mistari iliyonyooka. Akasimama, mkono kiunoni. Miaka minane Canada, na hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

Babu yake Sabika ndiye aliyetokea kwanza, kabla ya simu. Mzee Hussainali alikuwa mtu wa Tanga, mfanyabiashara mstaafu mwenye kofia nyeupe na sweta hata wakati wa joto, na kila Jumamosi alishuka na chupa yake ya chai ya maziwa akae kwenye benchi lile la ukingoni. Mama Nsimire alifikiri anakuja kupumzika tu, kama wazee wanavyopumzika.

"Karibu, Baba!" alimwita. "Ona vile kunang'aa!"

Mzee Hussainali alisimama mbele ya ukingo. Aliiweka chupa chini taratibu, akatazama mistari ile, akatazama mifuko.

"Mama Nsimire," alisema, "nani amefanya hivi?"

"Ni sisi! Sisi bote!"

"Aaa." Akakaa. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi na Sabika tumepanda hapa miaka mitatu. Mbegu nilipewa na rafiki yangu wa Unionville. Msimu wa kwanza hazikuota. Wa pili ziliota, zikaliwa na sungura. Mwaka huu ndiyo zimekubali." Alisema yote haya kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Ni kwa ajili ya vipepeo, mama. Wale wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeusi, wanaosafiri mpaka Meksiko. Viwavi wao wanakula jani hili tu. Jani jingine hawalitaki. Tuliweka na vijiti vya alama."

Mama Nsimire aliangalia mfuko wa taka. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimechomoza juu.

Sabika alikuja anakimbia kutoka darajani, akasimama, akaweka mikono kichwani. Nabintu hakusema "nilikwambia," na hilo Mama Nsimire alilishukuru moyoni. Wasi ndiye aliyepasua kimya, kwa sababu Wasi hawezi kufanya vinginevyo. Alikuwa amezamisha kichwa kwenye mfuko.

"Yupo mmoja! Yupo mmoja, anakula!"

Juu ya jani lililokatwa alikuwepo kiwavi mwenye mistari ya njano, nyeusi na nyeupe, kama amevaa jezi. Alikuwa anatafuna bila habari, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Watoto wote wakajazana. Mifuko ikamwagwa, jani baada ya jani likageuzwa, na katika vurugu ile simu ya Mama Nsimire ikaanza kulia.

Jina la Mugisho lilikuwa linang'aa kwenye kioo. Mama Nsimire aliitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Usipokee," alijiambia kwa sauti. "Iache ilie."

"Mama, wanasubiri," alisema Nabintu.

"Nitawaonyesha nini? Aibu?"

Simu ilinyamaza. Ikaanza tena. Nabintu akanyoosha mkono, akaichukua mikononi mwa mama yake, akapokea mwenyewe. Upande wa pili kukalipuka kelele za furaha, vichwa vimejazana, Mugisho katikati yao, ziwa limekaa nyuma kama pazia la buluu.

"Tante Nsimire! Cousine! Tuonyeshe, tuonyeshe salongo ya Canada!"

Nabintu aligeuza simu polepole. Ukingo mtupu ukapita kwenye kioo, mistari yake yote imenyooka. Mama Nsimire alifumba macho. Angalau wao watasifu, alifikiri, na sifa hiyo itauma kuliko yote.

Kelele zilikatika.

"Tante," Mugisho alisema, "huo mulima, ni nani ameunyoa?"

"Ni mimi."

"Na mvua ikinyesha?"

Mama Nsimire alifumbua macho. "Mvua ikinyesha nini?"

"Udongo wote utaingia mu maji, Tante! Hakuna kitu ya kuushika!" Mugisho alikuwa amesahau kwamba anaongea na shangazi, alikuwa anaongea kama anavyoongea shuleni mbele ya darasa. "Ngoja. Ngoja nikuonyeshe." Picha ikayumba, miguu, mawe, anga, kisha ikatulia kwenye mteremko wa Kadutu. Palikuwa na majani. Majani marefu, yamepandwa safu kwa safu, yamekatiza mlima kama mishono kwenye nguo. "Hapa nyumba mbili zilishuka na udongo, mwaka juzi. Tangu ile siku tunapanda. Fagio tumeiacha kwa njia na kwa mitaro. Mulima hatuufagie tena."

"Lakini mbona hamukuniambia?"

"Tante, nilituma video! Mingi!"

Ni kweli alituma. Mama Nsimire alikuwa ameziona zote, yaani mwanzo wa zote. Aliwaona vijana wameinama na majembe kwenye majani, akasema, tazama wanavyofyeka vizuri, akazisambaza ghala zima. Kumbe walikuwa wanapanda.

Msichana mmoja wa upande ule, mwenye kilemba cha njano, aliingiza uso wake kwenye picha. "Kwani Canada na nyinyi munafagiaka udongo? Tulifikiri huko ni saruji tupu!"

Wakacheka, Kadutu nzima, na watoto wa ukingoni nao wakacheka bila kuelewa kila neno. Nabintu alicheka mpaka simu ikatetemeka. Kisha akafanya jambo ambalo mama yake hakulitarajia. Akajibu. Kwa Kiswahili.

"Ni mama yangu tu," alisema, polepole, anachagua maneno kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe. "Yeye... anafagiaka hata lifti."

Kadutu ililipuka. Mama Nsimire alitaka kukasirika, akashindwa. Alipiga kofi hewani, akacheka na machozi yakamtoka, hakujua ni ya nini hasa.

Mugisho aliwaelekeza la kufanya. Majani yaliyokatwa yarudishwe juu ya udongo, yalazwe kwa kukatiza mteremko, yabanwe kwa vijiti ili mvua isiyabebe. Mashina yasiguswe. Watoto wa Kadutu walisimamia kazi kutoka kwenye kioo, wanapiga kelele, "Apana, wewe wa kofia, geuza!", na watoto wa Downsview walitii kama hawajawahi kumtii mtu. Viwavi waliopatikana waliwekwa kwenye kopo la biskuti la Mzee Hussainali na majani mabichi. Bitumbura zilipoa kwenye sahani, hakuna aliyezikumbuka.

Simu ilipokatika, Mama Nsimire alichukua ufagio wake, akaenda mpaka kwenye benchi, akauweka juu ya magoti ya Mzee Hussainali.

"Baba, uchukue. Salongo imeisha. Mimi sistahili kuongoza batoto ba watu."

Mzee aliutazama ule ufagio, vijiti vyake vyekundu na kamba yake ya kiatu.

"Nimekasirika, mama," alisema. "Sitakudanganya. Nadhani nitakuwa nimekasirika mpaka Jumanne hivi." Akamimina chai kwenye kifuniko, akampa. "Lakini mimi na Sabika tumepanda hapa miaka mitatu wawili tu. Leo nimehesabu vichwa nikachoka. Wewe unawapataje hawa?"

"Kwa maandazi, Baba."

"Basi Jumamosi ijayo leta maandazi. Mimi nitaleta mbegu." Akamrudishia ufagio. "Na huu ubaki njiani. Ukivuka majani nao, nitampigia yule kijana wa Bukavu."

Mvua ilinyesha usiku wa Jumapili. Asubuhi Mama Nsimire alishuka akiwa bado na nguo za kulalia, koti la Nabintu juu yake, akakuta majani yamelala palepale yalipobanwa na maji ya kijito ni safi. Alisimama pale mpaka akachelewa basi la kwenda kazini.

Mashina hayakufa yote. Mmea ule una mizizi migumu, Mzee Hussainali alikiri hivyo ilipofika Jumatano, na kufikia mwezi wa saba machipukizi mapya yalikuwa yamesimama, laini kuliko ya kwanza. Watoto walichomeka upya vile vijiti vya alama, pengine mahali sipo, lakini kila kijiti sasa kilikuwa na jina la mtoto mmoja, na ukiwa na jina lako mahali unarudi kuliangalia. Nabintu aliunda kundi la WhatsApp la jengo na Kadutu. Kiswahili chake kwenye kundi hilo kilikuwa na makosa mengi, na yule msichana wa kilemba cha njano alimtania kwa kila moja.

Halafu siku moja, katikati ya joto, likaja gari la kampuni ya kukata nyasi. Kijana akashusha mashine, akavaa vizuizi vya masikio, akaielekeza ukingoni. Alipoinua macho, alimkuta mbele yake mwanamke mfupi wa Bukavu, amekatiza njia na ufagio ameushika kwa mikono miwili kama mlinda mlango.

"Apana!" alisema. "Hapa, apana! Hapa ni kwa batoto ya kipepeo!"

Kijana hakujua Kiswahili. Alizima mashine, akatoa vizuizi vya masikio, akatabasamu kwa wasiwasi. Mama Nsimire alitafuta Kiingereza, hakikuja kwa haraka aliyoitaka, basi akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye jani moja, akaligeuza. Chini yake, kiwavi mwenye jezi alikuwa anatafuna.

"Munaona?" alimnong'oneza, kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto aliyelala.

Kijana aliinama. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akapandisha mashine kwenye gari.

Mzee Hussainali, kutoka kwenye benchi lake, alikuwa ameona yote. Alimimina chai kwenye kifuniko, akakisogeza pembeni yake. Lakini Mama Nsimire hakuja kukaa mara moja. Tairi za ile mashine zilikuwa zimeacha matope njiani, na yeye alikuwa ameshaanza, shwa, shwa, shwa, mpaka palipoanza majani, hapo akauinua ufagio.